Maswali ya Wasomaji: Serikali Ina Haki Gani Juu ya Nyumba ya Kale?

Tangu tulipochapisha picha za majumba ya mawe ya mwambao katika toleo lililopita, barua zimekuwa zikitufikia kila wiki, na nyingi zinalalamikia ofisi za Serikali kuliko zinavyosifu picha. Nimechagua sita. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa ombi lao, na barua ndefu nimezifupisha bila ya kugusa hoja. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchora ramani za ukarabati na kusimama na mafundi juu ya mapaa, kwa hiyo majibu yangu yatanuka chokaa kuliko karatasi.

Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi na kaka zangu wanne tumerithi nyumba ya marehemu baba yetu. Masika yaliyopita dari ya chumba cha juu iliachia na boriti mbili zikakatika. Fundi alitushauri tutoe boriti zote, tumwage zege, kisha kuta tuzipige lipu ya saruji zisivuje tena. Siku ya tatu akaja mkaguzi, akasimamisha kazi. Hati ni yetu, fedha ni zetu, na maji yanaingia kwetu, hayaingii ofisini kwao. Mamlaka inapata wapi haki ya kutuzuia? — Mama wa Mkunazini, Unguja

Waalaykumu salaam, mama. Poleni kwa dari, na ahsante kwa kuuliza waziwazi swali ambalo wengi hulinong'ona barazani tu.

Haki yenyewe imeandikwa. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi, na sheria ya mwaka 1994, ambayo baadaye ilifuatwa na sheria mpya ya mwaka 2010, iliipa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe Zanzibar uwezo wa kutoa kibali kwa kazi za kujenga, kubomoa na kubadilisha majengo yaliyomo ndani ya mipaka hiyo, pamoja na uwezo wa kusimamisha kazi iliyoanza bila kibali. Hati yenu haikuguswa na yeyote. Nyumba ni yenu kuishi, kuigawana kwa mirathi au kuiweka wakfu. Kinachosimamiwa ni kazi ya mikono juu ya kuta, paa, milango na roshani zake. Lakini najua kwamba jibu la sheria halimridhishi mtu ambaye ndoo zimejipanga sakafuni kwake, kwa hiyo niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Mamlaka hii haikuzaliwa kwa ajili ya watalii, ingawa ndivyo inavyosemwa sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, familia zikapewa vyumba humo kwa kodi ndogo, na kwa kuwa kodi hiyo haikutosha hata kununulia chokaa, na mpangaji hana sababu ya kutengeneza paa la nyumba isiyo yake, takribani miaka ishirini ilipita huku mapaa mengi yakiwa hayana mtu wa kuyatazama. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka, na uchunguzi uliofanywa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ulitoa tahadhari kuhusu mji mzima. Ndipo Mamlaka ilipoundwa mwaka 1985, na nyumba kadhaa za Serikali zikauzwa au kukodishwa kwa sharti kwamba anayeichukua aitengeneze. Jina la Urithi wa Dunia la UNESCO lilikuja miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2000. Kwa hiyo yule mkaguzi aliyekuudhi ni mrithi wa ofisi iliyoanzishwa ili nyumba zisiwaangukie watu, na nitakuonyesha kwamba fundi wenu, bila ya kukusudia, alikuwa anaipeleka yenu huko huko.

Nyumba yenu, kama ni ya aina ya jirani zake, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wa ukuta unafika nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji, ya mvua kwa juu na ya ardhini kwa chini, na haukuundwa uyazuie. Uliundwa uyanyonye kisha uyaachie taratibu jua linapowaka. Lipu ya chokaa inaruhusu safari hiyo. Lipu ya saruji inaifunga. Maji yaliyokwisha ingia yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta yakibeba chumvi, na chumvi hiyo ikikauka inavimba na kuula mfupa wa ukuta kutoka ndani. Niliwahi kusimama katika chumba kimoja cha Malindi ambacho mwenyewe alijivunia kuta zake laini za saruji. Nilizigonga kwa kifundo cha kidole, zikalia kama kibuyu kitupu. Fundi niliyekuwa naye akapenyeza ncha ya mwiko pembeni mwa ufa, akasukuma, na bamba zima la lipu, kubwa kama meza ya kulia, likaachia kwa pamoja. Nyuma yake ukuta ulikuwa umegeuka unga wenye unyevu, na unga huo uliendelea kumwagika juu ya viatu vyetu hata baada ya sisi kuacha kugusa.

Jambo la boriti ni zito zaidi. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu, na watu wakiona boriti hizo hudhani kazi yake ni kubeba sakafu peke yake. Boriti pia imezishika kuta mbili zisiachane. Fundi akizing'oa zote kwa siku moja ili apange nondo, kwa muda huo ukuta wa ghorofa mbili au tatu umesimama bila mshiko, na kuta nyingi za mji huu ni za shirika: upande wako chumba chako cha kulala, upande wa pili jiko la jirani. Hapo ndipo haki ya kukuzuia inapopata uzito ambao hati yako haiwezi kuushinda, maana jirani hakuhusishwa katika uamuzi wa fundi wako. Nondo nazo, zikikaa ndani ya ukuta wenye chumvi, hushika kutu, hufura na kupasua zege iliyozifunika, kwa hiyo ile kazi mliyoahidiwa kuwa ni ya milele inaweza kuanza kudondoka wajukuu wakiwa bado shuleni.

Ushauri wangu ni huu. Nendeni ofisini ninyi wenyewe, msimtume fundi, mkaombe mkaguzi arudi na aandike kinachotakiwa kufanywa, kwa sababu mkaguzi anayesema "hapana" bila ya kusema "fanyeni hivi" amefanya nusu ya kazi yake, nanyi mna haki ya kudai nusu iliyobaki. Ombeni kibali cha kubadilisha boriti moja moja, kuanzia zilizooza. Tazameni ncha zake zilizo ndani ya ukuta, maana huozea hapo kwanza. Na kabla ya yote hayo, pandeni juu mkaangalie milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paa. Nimeona nyumba zilizotengewa fedha nyingi za ukarabati ambazo ugonjwa wao ulikuwa ni mlizamu mmoja ulioziba kwa majani na manyoya ya njiwa, maji yakawa yanarudi ukutani kila mvua inaponyesha.

Sitajifanya kwamba ofisi hizi ni nyepesi. Ombi moja nililolisindikiza mwenyewe, katika ofisi moja ya pwani ambayo sitaitaja, lilikaa mezani tangu vuli hadi masika, na dari tuliyokuwa tunaiombea ikaanguka ikiwa bado inasubiri sahihi. Kwa hiyo msikawie kupeleka lenu, kiangazi kikiwa bado kipo.

Mnatuhubiria chokaa na vibali, ilhali Beit al-Ajaib, jengo lenye jina kuliko yote Unguja, liliporomoka likiwa mikononi mwa Serikali yenyewe. Mimi nikiacha ukuta wangu uanguke nitaulizwa. Je, Serikali inaulizwa na nani? — Mwalimu mstaafu, Kikwajuni

Mwalimu, umenibana, nami sitakwepa.

Jengo lile lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash. Lilibaki limesimama tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Waingereza ziliyaangusha majumba ya kifalme yaliyokuwa ubavuni mwake, na baada ya hapo likabadilishwa sura, likaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Likawa ofisi, likawa shule ya chama baada ya Mapinduzi, likawa makumbusho. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka. Mnamo 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharamiwa na Oman ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ikashuka chini, na watu wakapoteza maisha. Kati ya tukio la kwanza na la pili ilipita miaka minane. Miaka minane ni mingi kwa jengo ambalo limekwisha kuonyesha mbele ya watu wote kwamba linaumwa.

Swali lako, hata hivyo, haliishii kwenye jengo moja. Mamlaka ya hifadhi imepewa meno ya kumng'ata mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba anapokuwa ni Serikali, meno hayo yanakutana na mwili wake mwenyewe. Idara moja inalitumia jengo, nyingine inatoa kibali, wizara inashika fedha, mfadhili anangojwa kutoka nje, na kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba upande wake haukuwa na kosa. Mrithi wa Mkunazini anasimamishwa siku ya tatu. Jengo la umma halina jirani wa kulishitaki. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa wa mpango wetu wa hifadhi, na unapita upungufu wa fedha unaotajwa kila mkutano. Fedha za ukarabati mkubwa hupatikana, hata ikichukua muda. Kinachokosekana ni fungu dogo la kila mwaka la kukagua na kutunza, kwa sababu kusafisha mapaa hakukatiwi utepe wala hakualiki wageni.

Ungeniuliza la kufanya, ningesema Mamlaka ilazimishwe kisheria kukagua majengo yote ya umma yaliyo ndani ya eneo la hifadhi kila mwaka, na kuchapisha hali ya kila jengo kwa jina, ili wewe mwalimu usome gazetini kwamba jengo fulani lina ufa na wizara fulani ndiyo inayolikalia. Aibu ya hadharani hufanya kazi mahali ambapo faini haifiki.

Tena kuna mfano wa upande wa pili, haupo mbali na hapo. Hospitali ya zamani ya Tharia Topan pale bandarini, iliyoanza kujengwa 1887 na kumalizika 1894, ilikuwa imechoka sana hadi miaka ya 1990, ambapo taasisi ya Aga Khan iliitengeneza. Roshani zake za mbao na vioo vyake vya rangi vimerudi mahali pake, na jengo likapewa kazi ya kufanya. Hapo Serikali ilibaki na kazi yake ya kusimamia, mwingine akabeba gharama na kuajiri mafundi, na kila upande ulijua anamjibu nani.

Nyumba yetu Bagamoyo ina mlango wa nakshi aliouweka babu. Mfanyabiashara wa vitu vya kale anataka kuuchukua, atuwekee mlango mpya wa mninga na atuongezee fedha. Mke wangu anasema tuuze, mimi moyo unasita. Kuna ubaya wowote? — Mjukuu, Bagamoyo

Moyo wako umesita mahali pake. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na mwenye jukumu la kuisimamia ni Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. (Zanzibar ina sheria zake na idara yake, kwa hiyo usimsikilize mtu atakayekuambia kwamba rafiki yake aliuza wa Unguja bila matatizo.) Sheria hiyo imeweka mwaka 1863 kuwa mstari: majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla yake vinalindwa moja kwa moja. Lakini waliotunga sheria walijua udhaifu wa pwani, wakaitaja milango kwa jina. Mlango wa mbao au fremu yake, ikiwa imechongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa, hata kama nyumba yenyewe ni ya juzi.

Maana yake ni kwamba mlango wa babu yako, ikiwa ulichongwa kabla ya 1940, hauruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali cha Serikali, na huyo mfanyabiashara, ninavyowajua wa aina yake, hanunui ili auweke nyumbani kwake Kariakoo. Kabla ya kupokea hata shilingi, nenda ofisi ya Mambo ya Kale hapo hapo Bagamoyo ukawaombe waje wautazame na kuuandikisha. Na mwonyeshe mke wako jambo moja la kiufundi: miimo ya mlango ule imejengewa ndani ya ukuta, haikupigiliwa misumari baadaye. Ili auchukue mzima itambidi abomoe ukuta pande zote mbili na kugusa kilicho juu ya kizingiti. Fedha anayowaongezea inaweza kuishia kwa fundi wa kuuziba.

Nakaa Mkomani, Lamu. Jirani anapandisha ghorofa nyingine juu ya nyumba ya zamani na anasema karatasi ya kaunti anayo. Watu wa Makumbusho wanasema hawakuulizwa. Nani mkubwa hapa? — Mzee wa Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna mkubwa; kuna wawili, na jirani yako amepita kwa mmoja.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliiachia Serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, ikazipa kaunti mipango ya miji na ujenzi. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kulindwa mwaka 1986, ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na leo unasimamiwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ambayo inaiweka kazi hiyo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kaunti inatazama kama jengo ni salama na linafuata mpango wa mji. Makumbusho inatazama kama jengo bado ni la Lamu. Karatasi moja haifuti hitaji la nyingine.

Eneo lenyewe ni dogo, hekta kumi na sita hivi, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena hawapishani kila mahali. Ghorofa moja ikiongezwa, ua wa nyumba ya pili unakosa jua na upepo, na wewe unayelala juu wakati wa joto unaonekana na walio juu yako. Nyumba zenu zilipangwa kwa stara: mlango hautazamani na mlango, na wikio, kile chumba cha daraja kinachounganisha nyumba mbili, linavuka njia bila ya kuchungulia kwa mtu. Andika malalamiko kwa ofisi zote mbili, nakala moja moja, upate muhuri wa kupokelewa. Ofisi mbili, kila moja ikijua kwamba nyingine inajua, huamka mapema zaidi kuliko ofisi moja.

Mimi naishi Muscat, nyumba ya ukoo iko Shangani. Je, UNESCO ina fungu la kutusaidia kuitengeneza? Na nasikia inaweza kuufuta mji kwenye orodha. Ikiufuta, ninapoteza nini? — Msomaji, Muscat

Fungu la mtu binafsi halipo. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 ni ahadi kati ya mataifa. UNESCO haimiliki jiwe hata moja la Shangani, haitoi vibali vya ujenzi, na msaada wake, ambao si mkubwa, huombwa na Serikali. Inachofanya ni kuiuliza Serikali maswali, na Serikali hujibu kupitia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hoteli iliyojengwa ubavuni mwa jengo la Mambo Msiige, kwa mfano, ilileta mabishano marefu kati ya Kamati ya Urithi wa Dunia na Serikali, na jengo likasimama hata hivyo.

Kufutwa kunawezekana, na wewe uliyeko Oman una mfano mlangoni: hifadhi ya choroa wa Arabuni ilikuwa mahali pa kwanza duniani kuondolewa kwenye orodha, mwaka 2007, baada ya eneo lake kupunguzwa kwa asilimia tisini. Dresden ya Ujerumani ilifuata mwaka 2009, na Liverpool ya Uingereza mwaka 2021. Mara nyingi kabla ya kufutwa kuna onyo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoandikishwa mwaka 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kweli kufanyika kwenye kuta na kwenye fukwe zinazoliwa na bahari. Onyo, basi, linaweza kuwa faida, ikiwa ofisi ya nyumbani inalitumia kudai fedha ambazo ilikuwa inanyimwa.

Wewe binafsi hutapoteza hati wala ukuta, na sheria ya Zanzibar itabaki pale pale hata orodha ikibadilika. Kitakachokukosesha nyumba ni kuiacha imefungwa huku warithi watano wakiwa katika nchi tatu. Kubalianeni, mteueni wakala mmoja aliyeko Unguja kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na mumpe ruhusa ya kuomba kibali kwa niaba yenu wote.

Mimi ni fundi. Wakaguzi wanatuambia tutumie chokaa. Ninayoipata dukani ni ya mifuko, ya kupaka kuta nyeupe, na mwenye nyumba ana haraka. Hiyo chokaa ya kujengea inaandaliwaje, na kwa nini ofisi inayoidai haituuzii? — Fundi, Jang'ombe

Nusu ya pili ya swali lako ningependa isomwe na wakubwa wa ofisi zote nilizozitaja hapo juu. Ofisi ikikataza saruji inapaswa kuhakikisha kwamba chokaa iliyoiva inapatikana, kwa bei inayojulikana, na kwamba kuna mafundi vijana wanaofundishwa kuitumia. Vinginevyo inawaadhibu watu kwa kukosa kitu kisichouzwa. Mashimo machache ya kuivishia chokaa, yakijazwa kila mwaka na kusimamiwa na fundi mzee mmoja mwenye mshahara, yangeokoa kuta nyingi kuliko barua za kusimamisha kazi.

Kuhusu matayarisho, nakueleza nilivyofundishwa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuri la magogo hadi yawe meupe na mepesi. Yakishapoa hutiwa maji, na hapo ujihadhari macho na mikono, kwa maana hutokota na kurusha matone yanayounguza. Uji unaopatikana huchujwa, ukawekwa shimoni chini ya maji, usiguswe na hewa, kwa wiki kadhaa. Miezi mitatu ni bora, na ikizidi hapo haiharibiki, inazidi kuwa laini kama samli. Ndiyo sababu mwenye nyumba mwenye haraka inabidi aambiwe mapema: chokaa ya kazi ya mwezi wa Disemba huloweshwa mwezi wa Agosti.

Unapopaka, loanisha ukuta kwanza hadi uache kunyonya kwa pupa, piga tabaka nyembamba, na uache kila tabaka lishike kabla ya kuleta la pili. Chokaa haigandi kwa kukauka kama wengi wanavyodhani. Inagandishwa na hewa inayoinyonya polepole, na ikikaushwa haraka na jua la saa saba inabaki unga. Kwa hiyo tundika magunia mbele ya ukuta, yamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba au zaidi, na mwambie mwenye nyumba kwamba mtoto wa kuyamwagia maji hayo naye yumo kwenye hesabu ya malipo.